Siri ya Mgonjwa Katika Mji Mdogo: Maadili ya Mwanafunzi wa Uuguzi Nunguni

Utangulizi

Nunguni ni mji mdogo wa soko katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni. Hapo ndipo ilipo hospitali ya kaunti ndogo ya Kilungu. Katika mji wa aina hii, muuguzi, mgonjwa na mchuuzi wa mboga huenda wakawa majirani, jamaa au waumini wa kanisa moja. Makala haya yanajadili jinsi mwanafunzi wa uuguzi anayejifunza kazi katika mazingira hayo anavyopaswa kuitunza siri ya mgonjwa. Mifano ya wodini na sokoni inayotolewa ni ya kubuni.

Siri na Faragha

Dhana hizi mbili hukaribiana, lakini si moja. Siri ni habari. Faragha ni hali ya mtu kuwa mbali na macho na masikio ya wengine. Siri huvunjwa kwa ulimi au kalamu. Faragha huvunjwa hata na pazia lililoachwa wazi mgonjwa anapofungwa kidonda. Kitenzi "kusitiri" huziunganisha dhana zote mbili, kwa kuwa muuguzi huusitiri mwili wa mgonjwa na pia habari zake.

Msimamo wa Sheria

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda haki ya faragha. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinafafanua zaidi: siri si jina la ugonjwa tu, bali pia matibabu na hata kule kulazwa kwenyewe. Habari hizo hutolewa kwa idhini ya maandishi ya mgonjwa, kwa amri ya mahakama au matakwa ya sheria, au pale ambapo kunyamaza kungehatarisha sana afya ya umma.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mahakamani. Mnamo Februari 2015, Rais aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Shirika la KELIN pamoja na wenzake walipinga agizo hilo. Mnamo Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya watoto, ikaamuru majina hayo yahifadhiwe kwa namna isiyoyahusisha na hali ya afya ya wenyewe. Basi ikiwa Serikali yenyewe hairuhusiwi kuliambatanisha jina na ugonjwa kiholela, mwanafunzi hana udhuru.

Mitihani ya Kila Siku

Chukulia kwamba mwanafunzi anakutana na shangazi yake sokoni. Shangazi anauliza, "Nimesikia mke wa jirani yetu amelazwa kwenu. Anaugua nini?" Mwanafunzi akijibu "Si ugonjwa mbaya," tayari amethibitisha kwamba mgonjwa yupo wodini. Jibu lifaalo ni lile lisilokubali wala kukana: "Shangazi, habari za hospitali huwa hatuzitoi, za mtu yeyote." Jibu hilo halimvunjii mkubwa heshima, na linamhakikishia kwamba hata yeye akiugua atasitiriwa.

Mtihani wa pili ni wa lugha. Nyanya anayezungumza Kikamba pekee anahudumiwa na mwanafunzi kutoka eneo jingine. Mjukuu anaitwa atafsiri. Nyanya, kwa kuona haya, anaficha kwamba anavuja mkojo, naye anatibiwa ugonjwa usiokuwa wake. Ni heri kumtafuta mhudumu wa afya anayejua Kikamba, na mgonjwa mwenyewe aulizwe ni nani angependa amtafsirie.

Mtihani wa tatu ni daftari la mafunzo. Kulifuta jina hakutoshi ikiwa umri, kijiji na kazi ya mgonjwa vimeandikwa. Katika kijiji kidogo, "mwalimu mkuu wa miaka 52" ni sawa na jina. Picha za wodini zinazotumwa kwa simu zina hatari hiyo hiyo, tena kubwa zaidi.

Hitimisho

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Anayejikwaa ulimi ni muuguzi, lakini anayeumia ni mgonjwa. Mama anayehofia kusemwa sokoni huacha kuchukua dawa zake, au husafiri hadi hospitali ya mbali asikojulikana. Nauli ikikosekana, matibabu hukatika. Kwa hiyo kutunza siri si adabu ya ziada inayofuata baada ya tiba. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

Maswali

1. Tofautisha siri na faragha kwa kutumia mifano miwili ya wodini.
2. Mgonjwa anamwomba mwanafunzi asimwambie daktari kwamba ameacha kumeza dawa. Je, kumweleza daktari anayemtibu ni kuvunja siri? Jadili.