Muda wa Kudai Fidia ya Mali Iliyoharibiwa: Maelezo kwa Wakazi wa Mwatate

Mtu ambaye ukuta wake umebomolewa na lori katika barabara ya Voi kwenda Taveta, au mahindi yake yamekanyagwa na ndovu usiku, aghalabu huanza kwa kuuliza atalipwa kiasi gani, ilhali swali lipasalo kutangulia ni nani aliyemtia hasarani, kwani jawabu lake ndilo linaloamua amebakiwa na muda gani wa kudai.

Mkosaji akiwa raia au kampuni, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, humpa mdai miaka 3 tangu siku ya hasara, na dai lililosimama juu ya mkataba lina miaka 6. Lakini mkosaji akiwa ni serikali, sheria nyingine, Sura ya 39, imeweka miezi 12 tu, muda ambao kwa maoni yetu ni mchache mno kwa mkulima; na hapo ndipo wengi wanapopoteza haki zao, wakingoja barua zijibiwe na kudhani kwamba mazungumzo yanasimamisha hesabu ya siku, wala hayaisimamishi. Ruhusa ya mahakama ya kuongezewa muda, inayotajwa sana barazani, imewekewa walioumia mwilini. Mwenye ukuta hanayo, isipokuwa kama alikuwa mtoto au mgonjwa wa akili siku ya hasara, au alifichwa ukweli kwa hadaa.

Ndovu ana njia yake. Madhali mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti hii, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kifungu cha 25, yatuhusu kuliko wengi: madai ya mazao, mifugo na mali hupelekwa mbele ya Kamati ya Kaunti ya Uhifadhi na Fidia. Piga ripoti kwa Shirika la Wanyamapori (KWS) siku ile ile, nyayo zingali mbichi, na uchukue picha, kwa sababu kamati huhakiki, na aliyepuuza kulinda shamba lake huweza kunyimwa. Asiyeridhika ana siku 30, tangu kuarifiwa uamuzi, za kukata rufani kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira.

Ama hasara iliyosababishwa na mtu, isiyozidi shilingi milioni 1, yaweza kudaiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Na kwa ajali ya barabarani, aende na nambari ya OB (kitabu cha matukio) aliyopewa katika kituo cha polisi.