Namna ya Kumuaga Mwalimu wa Sekondari

Mwalimu wa sekondari huagwa katika nyakati tatu: anapohamishwa, anapostaafu na anapofariki. Uhamisho huja na barua, na mara nyingi mwalimu huwa ameshafunga mizigo kabla wanafunzi hawajachangishana. Shughuli yake haizidi maneno machache mstarini asubuhi. Kustaafu hujulikana mapema. Nchini Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60, hivyo anayejua mwaka aliozaliwa mwalimu wake anajua pia mwaka wa kumuaga. Kifo hakitoi taarifa, nacho huwakuta wanafunzi wengi wa zamani wakiwa bado wanaambiana kwamba watajipanga.

Kazi yenyewe ina hatua nne: tarehe, kamati, zawadi na maneno.

Tarehe isiwe ya mahafali ya kidato cha nne. Siku ile ni ya wahitimu na wazazi wao. Mgeni rasmi huongea kwa muda mrefu, na mwalimu anayestaafu huitwa mbele kwa dakika kumi kati ya kwaya na keki. Shule nyingine hutumia tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994 kukumbuka pendekezo la UNESCO na ILO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Hiyo ni tarehe nzuri ikiangukia mwisho wa wiki. Isipoangukia, Jumamosi yoyote inafaa, mradi iwe ya mwalimu peke yake.

Kamati ya watu watatu inatosha: mweka hazina asiyeona haya kukumbushia ahadi, mtu anayeishi karibu na shule, na mmoja wa nyumbani kwa mwalimu au wa ofisi ya walimu. Mengine anayajua kila aliyewahi kuchangia harusi.

Zawadi ndiyo huwagombanisha watu. Godoro, mabati, kiti cha kupumzikia, doti za khanga, mbuzi wa maziwa: vyote ni vizuri, na namna ya kuchagua ni kumuuliza mke, mume au mtoto wake ni kitu gani kimepungua nyumbani. Fulana zenye picha ya mwalimu zisichapwe. Baada ya mwaka mmoja fulana hizo hupigiwa deki zikiwa na uso wake, na huko si kumheshimu. Ngao ya kioo inahitaji uangalifu zaidi. Kamati moja mkoani Tanga, ambayo mwandishi wa makala haya alikuwa katibu wake, ililipa shilingi 85,000 kwa ngao iliyorudi imeandikwa “Mwalim”. Muuzaji alikataa kurudisha hata senti, akidai kwamba karatasi aliyopewa ilikuwa na mwandiko mbaya, na kioo kikishachongwa hakifutiki. Tangu hapo kamati hiyo hutuma maandishi kwa ujumbe wa simu, kwa herufi kubwa, na haitoi malipo ya mwisho kabla ya kuona picha ya maandishi yaliyopangwa. Neno “mstaafu” nalo lisiwekwe kwenye ngao. Julius Nyerere aliacha kufundisha St. Francis, Pugu, mwaka 1955, lakini aliitwa Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999, na bado anaitwa hivyo.

Hatua ya nne, maneno, ndiyo ngumu, na kamati hiyohiyo ilijifunza ugumu wake kwa uchungu. Ilikuwa ikimwandalia sherehe mwalimu wa Jiografia wa sekondari moja ya bweni. Kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu ikaombwa kila mmoja aandike salamu za shukrani. Zilipatikana salamu 52, na zaidi ya 40 zilisema jambo lilelile: Mwalimu ulikuwa mzazi kwetu, Mungu akubariki. Zilichapwa, zikabanwa kwa waya, zikawekwa kabatini kusubiri siku. Miezi minne kabla ya siku hiyo mwalimu alifariki, na kabrasha likapelekwa msibani kama lilivyokuwa.

Jioni baada ya mazishi, binti yake wa mwisho, ambaye hakuwahi kukaa darasani kwa baba yake, alilisoma lote. Kisha akamfuata katibu wa kamati. “Kaka, hapa wote mmesema baba alikuwa mwalimu mzuri. Sasa alikuwa anafundishaje?” Katika kurasa zote zile hapakuwa na jibu.

Mbinu iliyotokana na swali hilo ni hii. Mwanafunzi wa zamani asiombwe shukrani. Aulizwe jambo moja jembamba: “Taja siku moja darasani kwake. Alikuwa ameshika nini, alisema nini, na wewe ulikuwa umekaa wapi?” Sehemu ya mwisho huonekana ya bure, lakini ndiyo inayofungua mlango. Mtu akikumbuka dawati lake humkumbuka aliyekaa naye, dirisha lililokuwa karibu, ubao ulivyoonekana kutoka pale, na mwalimu huingia darasani mwenyewe.

Swali lisitupwe kwenye kundi. Wa kwanza akiandika “ulikuwa mzazi kwetu”, wa pili hadi wa hamsini wataungana naye. Kila mtu apigiwe simu peke yake au aombwe ujumbe wa sauti. Anayeanza kwa kusema hana la kueleza huongea dakika kumi. Waanze kutafutwa waliokaa nyuma na waliopata sifuri, kwa kuwa hao ndio mwalimu aliowafuata mpaka bwenini, na wana mengi kuliko waliokuwa wakiongoza. Maneno yao yaandikwe yalivyotamkwa. Dua zote ziwekwe ukurasa wa mwisho, na majina ya waliozituma chini yake. Wapo watakaokumbuka fimbo. Hao wasinyamazishwe, ila waulizwe kama wanataka kumbukumbu hiyo ichapwe, na isisomwe mbele ya watu.

Kuhusu uchapaji, gundi peke yake haifai. Wachapaji wengi wa mitaani hupaka gundi mgongoni mwa kitabu na kukisifu, lakini kwa joto la pwani kurasa huanza kuchomoka kabla mwaka haujaisha. Kitabu kishonwe kwa uzi, kiwe na jalada gumu, hata kama ni nakala tatu tu: ya mwalimu, ya maktaba ya shule na ya kamati.

Miaka miwili baadaye mwalimu wa Hisabati wa shule hiyo alifikisha miaka 60. Safari hii kitabu kilikuwa na kurasa 64, na badala ya hotuba, wahitimu watatu walipokezana kukisoma. Mmoja wao, fundi umeme, alisoma kumbukumbu yake ya kidato cha pili: mwalimu aliwatoa nje na kijiti cha mita moja, wakapima kivuli chake na kivuli cha mlingoti wa bendera, wakapata urefu wa mlingoti bila mtu kuupanda. Mita 6, alisoma.

“Sita?” Mwalimu alikuwa ameshainuka kwenye kiti cha heshima. Aliomba kijiti. Ilikuwa saa nane na nusu mchana na pilau lilikuwa linapakuliwa, lakini ukumbi mzima ulimfuata uwanjani. Kivuli cha kijiti kilikuwa sentimita 70, cha mlingoti mita 4.9. Alimchuchumaza fundi umeme, akamwagiza agawanye kwa kidole kwenye mchanga, na watu wenye watoto wa sekondari walisimama kimya wakisubiri jibu. Mita 7. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akakata 6 kwenye nakala yake. Chakula kililiwa kimepoa na hakuna aliyelalamika.

Ratiba yoyote ya kumuaga mwalimu inapaswa kuacha nafasi ya namna hiyo, dakika 40 za kipindi kimoja, kwa sababu kufundisha hakukatiki kwa barua. Edward Carey Francis aliongoza Alliance High School ya Kenya tangu 1940 hadi 1962, na alipoondoka pale alikwenda kufundisha shule ya sekondari ya Pumwani, Nairobi, mpaka alipofariki mwaka 1966.

Kuhusu mwalimu aliyekwisha kufariki, wanafunzi walewale huulizwa swali lilelile. Siku ya mazishi nafasi ni ndogo: wasifu wa marehemu hutaja alipozaliwa, vituo vya kazi, ugonjwa na watoto aliowaacha, na familia ikiombwa mapema hukubali kuongeza kumbukumbu mbili za darasani. Kitabu kinaweza kusubiri arobaini, hitma au misa ya kumbukumbu ya mwaka. Kuipa maktaba jina lake kunahitaji ridhaa ya bodi ya shule na huchukua muda. Zawadi ya kila mwaka kwa mwanafunzi bora wa somo lake ni rahisi zaidi.

Kamati ya Tanga ilirudi kwa wanafunzi wa mwalimu wa Jiografia ikiwa na swali jipya, ikapata kurasa 38. Watu watatu wa miaka tofauti walisimulia kipindi kimoja. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na mwalimu hakutaka namba hiyo ibaki ubaoni. Aliwapanga kwenye geti la shule, wakatembea kuelekea barabara kuu wakihesabu kwa sauti hatua ndefu 1,470, kisha akawageuza watazame geti lilivyokuwa dogo: kule ni juu ya maji, hapa walipo ni chini ya ziwa. Wawili walisema hesabu iliishia kwenye mwembe, wa tatu akasema ni kwenye kalavati.

Binti alikabidhiwa kitabu siku ya kumbukumbu ya mwaka. Juma lililofuata alikwenda getini na mmoja wa wasimulizi, wakahesabu pamoja. Iliishia kwenye kalavati.