Tabia ya Mtu na Biashara Ndogo

Aendaye soko la Tandika katika Temeke, au la Tandale katika Kinondoni, ataona wauza nyanya wamekaa bega kwa bega, mafungu yao yamelingana, na bei ni moja. Lakini mwaka ukiisha, mmoja ameongeza meza na mwingine amekula mtaji. Watu husema ni bahati. Sisi twaona yafaa kutazama tabia pia.

Katika mji wa Lomé, nchi ya Togo, wataalamu waliwagawa wenye biashara ndogo 1,500 mafungu matatu. Fungu moja lilifundishwa hesabu na mambo ya biashara. La pili lilifundishwa kuanza jambo bila kungoja kuambiwa, kutazama mbele, na kutokata tamaa. La tatu halikufundishwa. Habari zilitangazwa mwaka 2017: likilinganishwa na la tatu, fungu la pili lilizidi faida kwa 30 katika mia, la kwanza kwa 11 tu. Basi tabia hiyo yafundishika.

Turudi Tandika. Muuzaji asiyengoja humwuliza mama lishe apika saa ngapi, akampelekea nyanya alfajiri. Amejipatia mnunuzi wa kila siku. Lakini huyo huyo akikopesha kila jirani kwa kuona haya, wala asiandike daftarini, fedha ya upatu itatoka wapi? Upole, tunaousifu sana nyumbani, sokoni wataka mipaka. Aliyetenga fedha ya mtaji mbali na ya chakula aweza kumjibu ndugu mwenye shida pasipo ugomvi: faida ya leo haijapatikana, njoo Ijumaa.