Silikanti wa Tanga: maswali ya wavuvi na walaji

Si tuliambiwa ametoweka?
Wanasayansi walimjua samaki huyu kwa visukuku tu, wakaamini alikwisha pamoja na dinosaria, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 akanaswa mmoja Afrika Kusini. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa. Tanzania alianza kurekodiwa mwaka 2003, na Tanga ikatia fora.

Nani anamvua?
Hakuna anayemtafuta. Nyama yake ina mafuta mengi, huharisha, na sokoni haina mnunuzi. Kinachomnasa ni jarife, wavu wa kutegea papa. Papa wa maji ya karibu wamevuliwa mno, basi jarife nalo likafuata kina, mita mia moja na zaidi, kwenye miteremko yenye mapango anamoshinda silikanti. Usiku akitoka kuwinda, anakuta wavu. Ukiniuliza mimi, kesi hii ni ya papa kwanza.

Wananaswa wachache, hofu ya nini?
Mwaka 2021 watafiti waliochunguza magamba yake walikadiria kwamba huweza kuishi karibu miaka 100, na jike huanza kuzaa akiwa amepita miaka 50. Mimba hukaa takribani miaka mitano. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Jike mzazi anayetolewa leo kwenye jarife huenda alizaliwa kabla ya uhuru wa Tanganyika, na mtoto wake akikua salama atachukua nusu karne kushika nafasi yake. Samaki wa namna hii hata wachache wakifa kila mwaka ni pengo.

Nikimkuta hai?
Usimburute hadi pwani mpige picha. Maji ya juu kwake ni moto na oksijeni yake haimtoshi. Hufa baada ya saa chache. Mrudishe upesi, palepale penye kina. Akiwa amekufa, wape taarifa maofisa wa hifadhi au wa uvuvi. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku na mkataba wa CITES.

Hifadhi haitoshi?
Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, ila mpaka wa kwenye ramani hauinui jarife lililotegwa usiku. Litegwe mbali na miteremko hiyo, na anayeambiwa aliache asaidiwe kupata mishipi na chombo cha kumfikisha penye kolekole na changu.