SOMO: MAUMIVU YA MIFUPA KWA WAZEE WENYE SARATANI



Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay na Liuli, swali katika vikao vya usharika ni lile lile: mzee ana saratani, mifupa inamuuma usiku kucha, panadol haimsaidii tena. Je, kuna dawa mbadala?

Saratani ya tezi dume na ya matiti mara nyingi huhamia mifupani, hasa uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Familia hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa. Ni kweli hutuliza, lakini kwa mzee zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Zitumike kwa muda mfupi na kwa ushauri wa mganga, si kununuliwa kila wiki.

Dawa yenye nguvu ya maumivu haya ni mofini ya kunywa. Si ghali. Nchini Uganda, Hospice Africa iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993 imeonyesha kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji mgonjwa anaweza kutunzwa nyumbani kwake. Ndani ya KKKT, huduma ya tiba shufaa ilianza katika hospitali ya Selian, Arusha, mwaka 1999.

Kikwazo kikubwa vijijini ni hofu. Watu husema ni dawa ya kufia, au mzee atakuwa teja. Mgonjwa anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra sana kupata uraibu, na kipimo sahihi hakimuui. Mzee huanza na kipimo kidogo, kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo aombewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Wala asiikatize ghafla.

Mionzi nayo ni tiba ya maumivu. Mara nyingi dozi moja tu kwenye mfupa unaouma hutuliza sawa na dozi nyingi. Hupatikana Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Nauli na malazi ya mzee na msindikizaji wake ni ombi ambalo mfadhili anaweza kulibeba.

Kuhusu mitishamba, sisi Walutheri tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Simzuii mzee kunywa mizizi yake. Ila amwambie mganga anachokunywa, kwani mizizi mingine huumiza ini na figo, na asiache dawa za hospitali.

Jambo la mwisho haliwezi kusubiri kikao. Miguu ikilegea ghafla, ikifa ganzi, au mzee akishindwa kukojoa, huenda uti wa mgongo umebanwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Mbinga, Litembo au Liuli. Asipakiwe bodaboda, maana mfupa ulioliwa na saratani huweza kuvunjika kwa mtikisiko. Itafutwe gari, alazwe chali, godoro chini yake.