MASHUA IPANDAYO KILIMA

Sote tulifundishwa tangu utoto kwamba maji hayapandi mlima. Neno hilo ni kweli, wala makala hii haikuja kulikanusha. Hata hivyo, kusini mwa Ufaransa, kila mwaka katika miezi ya joto, watu hupanda kilima wakiwa wameketi ndani ya mashua. Hawaibebi mashua yao wala hawaiburuti nchi kavu. Nataka kueleza jinsi jambo hilo linavyofanyika, na nani aliyelipa gharama yake.

Njia yenyewe

Njia hiyo huitwa Canal du Midi, yaani Mfereji wa Kusini. Huanzia mji wa Toulouse, ulio kando ya mto Garonne, na kuishia katika ziwa la chumvi la Thau, karibu na bandari ya Sète, kwenye Bahari ya Mediterania. Urefu wake ni kilometa 240. Upande wa magharibi, kutoka Toulouse, uko mfereji wa pili uliomalizika mwaka 1856, nao hufuata mto Garonne kuelekea Bordeaux na bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mashua ndogo yaweza kutoka bahari moja mpaka ya pili bila kuizunguka Hispania.

Tuwachukue mume na mke waliostaafu kazi, wawe mfano wetu. Wamekodi mashua yenye vitanda viwili, jiko na injini ndogo. Sheria ya Ufaransa hairuhusu mashua yao kwenda zaidi ya kilometa 8 kwa saa, maana mawimbi ya mashua iendayo mbio huzila kingo za mfereji. Mtoto mwenye baiskeli akipita njia ya kando huwaacha nyuma. Wewe mwanafunzi wa hesabu utasema: kilometa 240 ukigawanya kwa 8 ni saa 30, basi watafika siku ya nne. Lakini wao hutumia majuma mawili au zaidi, wala hawajachelewa. Husimama Castelnaudary kununua mkate, husimama Carcassonne kuitazama ngome ya kale, na usiku hulala, kwa kuwa njia hufungwa. Tena kuna jambo jingine linalowasimamisha mara kwa mara, nalo ndilo somo letu.

Chumba chenye milango miwili

Toka Toulouse nchi huinuka polepole. Mahali paitwapo Naurouze ndipo kileleni, mita 189 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo nchi hushuka mpaka Mediterania. Kama mfereji ungechimbwa kwa mteremko mmoja tu, maji yote yangekimbia. Basi ulijengwa kama ngazi. Kila kipande cha mfereji kimelala sawasawa kama kidato cha ngazi, na kati ya kidato na kidato pamejengwa chumba cha mawe kisicho na paa, chenye mlango mkubwa mbele na mwingine nyuma.

Mashua ipandayo huingia katika chumba kwa mlango wa chini, wakati maji ya ndani yako chini. Mlango ule hufungwa. Kisha hufunguliwa vilango vidogo vya upande wa juu, na maji ya kidato cha juu huingia polepole. Maji yajaapo huinua mashua pamoja na watu wake, kama kizibo kinavyoelea katika debe linalojazwa. Maji ya ndani yakilingana na maji ya juu, mlango wa mbele hufunguka kwa urahisi, na mashua hutoka ikiwa imepanda. Kuteremka ni vivyo hivyo kwa kinyume. Angalia basi: maji hayakupanda hata kidogo. Yalishuka, na katika kushuka kwao yaliinua mashua.

Kazi ya wale wawili wakati huo si ndogo. Mmoja hushika usukani, mwingine hushika kamba. Kamba huzungushwa kwenye kigingi cha ukingoni na kushikwa kwa mkono, haifungwi fundo. Mashua ikipanda, kamba huvutwa ili isilegee. Ikishuka, hulegezwa kidogo kidogo. Mtu akifunga fundo wakati wa kushuka, maji yataondoka chini ya mashua, nayo itabaki imening'inia kwenye kamba, iinamie upande na labda kupinduka. Huo si mchezo, hata kama safari ni ya starehe.

Vyumba vingi vya mfereji huu havina kuta zilizonyoka kama vya mahali pengine. Umbo lake ni la yai. Mwanzoni chumba chenye kuta zilizonyoka kilibomoka kwa msukumo wa udongo, ndipo mjenzi alipozipinda kuta zake, kwa kuwa ukuta uliopinda hustahimili zaidi. Karibu na mji wa Béziers, pale Fonserannes, vyumba vimeungana mfululizo kama ngazi ya mlango wa kanisa, na mashua hushuka mita nyingi bila kuondoka mahali hapo.

Maji ya kileleni

Sasa tufikiri. Kila mashua ipitapo, chumba kizima cha maji hutoka juu kwenda chini, wala hakirudi. Tuseme chumba kina eneo la mita za mraba 250, na maji hupanda mita 2. Hayo ni mita za ujazo 500, yaani lita 500,000, au madebe 25,000 ya lita 20. Hiyo ni mashua kupita chumba kimoja tu! Na zinazotoka kileleni hushuka ama upande huu ama upande ule. Basi kileleni maji yatatoka wapi?

Swali hilo ndilo lililowashinda watu kwa muda mrefu. Wafalme wa Ufaransa walitamani mfereji huo miaka mingi, maana kuizunguka Hispania kulikuwa safari ndefu yenye dhoruba na maharamia. Kuchimba waliweza, lakini kupata maji ya kumimina kileleni hawakuweza.

Aliyejibu swali alikuwa Bwana Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers. Hakuwa mhandisi, kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya chumvi. Aliona kwamba vijito vya Mlima Mweusi, ulio kaskazini ya njia, vyaweza kukusanywa na kuongozwa kwa mitaro mpaka Naurouze, na hapo maji yagawanyike, mengine yaende Atlantiki na mengine Mediterania. Mwaka 1662 alimwandikia Waziri Colbert. Mwaka 1666 Mfalme Louis wa 14 akatoa amri kazi ifanyike. Bwawa kubwa la Saint-Ferréol likajengwa ili kuweka akiba ya maji ya mvua kwa ajili ya miezi ya ukame.

Wafanya kazi walifikia 12,000, wanaume kwa wanawake, wakichimba kwa majembe na kubeba udongo kwa vikapu. Riquet aliwalipa hata siku za mvua na za sikukuu, jambo lisilo la kawaida zamani zile. Fedha za serikali zilipokosa kutosha, alitia mali yake mwenyewe na kukopa. Alifariki tarehe 1 Oktoba 1680. Mfereji ulifunguliwa Mei 1681. Hakuiona mashua hata moja ikipita toka mwanzo hadi mwisho, na watoto wake wakarithi madeni.

Na mito ya kwetu?

Huenda mwenzangu atauliza: mbona sisi hatukujenga ngazi kama hizo? Mito yetu pia ina vizuizi. Mto Naili zamani ulitoka Ziwa Viktoria pale Jinja kwa kishindo, na mto Kongo, kati ya Kinshasa na Matadi, hushuka kwa maporomoko mengi. Jibu la zamani lilikuwa kuyazunguka maporomoko kwa reli. Reli ya kutoka Matadi ilifika mjini ambako leo ni Kinshasa mwaka 1898. Reli ya Jinja mpaka Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, na hapo mizigo ilipakiwa tena katika meli za Ziwa Kyoga. Wazee waliosafiri njia hiyo wanakumbuka taabu ya kupakia na kupakua. Mto mkubwa wenye nguvu si rahisi kuutia ngazi. Mfereji wa Riquet ulikubali kwa sababu maji yake yalikusanywa na watu na kupimwa.

Hata huko Ufaransa reli ilishinda mwishowe. Kufikia mwisho wa karne ya 20, mashua za nafaka na divai zilikuwa zimekwisha, na leo karibu wote wapitao ni watu wa starehe. Mwaka 1996 mfereji uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini kazi ya kuutunza haijaisha. Kingo zake zilipandwa miti mikubwa ipatayo 42,000, ambayo mizizi yake hushika udongo. Mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu ulionekana ndani yake, na tangu hapo maelfu imekatwa na kuchomwa moto, na miche ya aina nyingine ikapandwa mahali pake. Kivuli cha miche hiyo watakaa watu ambao bado hawajazaliwa.

Basi msomaji, ukisikia kwamba mume na mke fulani wametumia miezi ya joto wakielea polepole katika mifereji ya Ulaya, usidhani kwamba starehe yao ni ya bure. Kila wanapopanda kidato kimoja, hubebwa na maji ambayo mtu mwingine aliyatafuta, akayakusanya, akayaleta kileleni, na yeye mwenyewe asiyapande. Wahenga wanasema, mpanda ngazi hushuka. Nami naongeza: apandaye ngazi na aulize nani aliyeijenga.