Mtoto Hana Kichwa cha Shule?

Mara nyingi twawasikia wazazi wa Geita, Kahama na Shinyanga wakinung'unika: "Mtoto huyu hana kichwa cha shule." Alilofundishwa Jumatatu, Ijumaa halimo. Ajabu ni kwamba mtoto huyo huyo akitoroka na kwenda machimboni Nyarugusu au Rwamgasa, muda si muda hutambua jiwe lenye dhahabu, hujua bei ya gramu, tena hukumbuka bila kuandika nani anadaiwa viroba vingapi karashani. Je, huko amepewa kichwa kingine?

La, kichwa ni kile kile. Duarani somo hurudiwa kila siku, mtoto huona faida yake, na malipo hupatikana kabla ya jua kutua. Shuleni aambiwa avumilie miaka mingi ndipo atafaidi, na kwa mtoto wa miaka kumi, miaka mingi ni kama milele. Ada za shule za serikali hadi kidato cha nne ziliondolewa Januari 2016, na mlango ukafunguka. Lakini hamu ya kuingia haiji kwa waraka. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watoto, hata wa miaka 8, walikuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Wengine huenda kwa njaa ya nyumbani, nao hatuwalaumu hapa. Twasema juu ya yule ambaye chakula anacho, ila hamu hana.

Kwanza tuitazame kumbukumbu. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alijichunguza mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akatoa kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea ndani ya siku ya kwanza, na kinachobaki hupungua polepole. Tena aliona kwamba kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Mchimbaji hana haja ya Mjerumani kumweleza hayo. Ajua kwamba mchanga uliooshwa mara ya kwanza ungali na dhahabu. Ndiyo maana huuita marudio, akauosha tena. Mbona basi somo la mwanawe huoshwa mara moja tu, na mara ya pili ni usiku wa kuamkia mtihani?

Mama asiyejua kusoma aweza kuifanya kazi hii vizuri sana. Baada ya ugali na amwulize mtoto: "Leo mwalimu kawafundisha nini? Nieleze nami nijue." Mtoto aeleze daftari likiwa limefungwa, kwa kuwa jambo linalovutwa kutoka kichwani hukaa zaidi kuliko lile linalosomwa tu tena. Amwulize tena baada ya siku mbili, na tena baada ya juma. Wazee wa Usukuma hawakuwa wageni wa mambo haya: jioni vijana walikusanyika shikome, kando ya moto, wakahojiwa na wakubwa. Na hapo malipo nayo yasogea karibu, maana mtoto aliyemfundisha baba yake jambo, naye baba akashangaa kweli, amelipwa jioni ile ile.

Lipo jambo jingine, nalo si la bidii wala la uvivu. Katika nyumba kadhaa za wachimbaji, donge la dhahabu na zebaki huchomwa pale pale jikoni. Mvuke wake hauonekani, wala harufu hauna. Huingia mapafuni, ukafika hata ubongoni, ukadhuru kumbukumbu na usikivu. Ubongo wa mtoto, na wa yule aliye bado tumboni, ndio unaodhurika zaidi. Donge hilo lisichomwe nyumbani kamwe. Lipelekwe mbali, lichomwe ndani ya chombo kinachonasa mvuke, na mtoto wala mama mjamzito asisogee hapo.